MARADHI YA NYONGA: UPASUAJI UPI KWA MGONJWA YUPI?

Mzee akianguka chooni au uani, mara nyingi husemwa "ameteguka". Hukandwa na kuchuliwa nyumbani, akalala wiki nyingi hadi akatoka vidonda vya mgongo au akashikwa na homa ya mapafu. Wengine hufa kwa hayo.

Nyonga ni mfano wa kinu na mchi: kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe. Kichwa hicho hupata damu kwa mishipa midogo inayopita kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika, damu hukatika na kichwa huweza kufa. Kuchua hakuurudishi.

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, mguu ukawa mfupi na unyayo ukageukia nje, msimchue. Mpelekeni akapigwe eksirei.

Upasuaji ni wa namna hizi:

1. Kufunga kwa skrubu na vyuma. Hufaa zaidi kwa kijana, mathalani aliyeanguka na pikipiki, ili kuokoa kichwa chake. Awahi.

2. Kubadili nusu ya nyonga. Kwa mzee ambaye shingo imevunjika na kuachana, kichwa huondolewa na kuwekwa cha chuma. Kikombe huachwa.

3. Kubadili nyonga nzima. Ni kwa aliyelika kiungo, au ambaye kichwa kimekufa na kubonyea, kama inavyotokea kwa wenye selimundu. Njia ya kisasa ilianzishwa na John Charnley wa Uingereza mwaka 1962. Hapa nchini hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa mwaka 1996.

Nyonga iliyochomoka kwa ajali ni dharura. Irudishwe hospitalini ndani ya saa sita, na mara nyingi haihitaji kisu.

Sisi wa Tunduma tuanze hospitali iliyo karibu. Ikibidi, tutapewa rufaa ya Mbeya au Dar es Salaam.

Aliyewekewa nyonga ya bandia asichuchumae wala kukunja nne mpaka daktari amruhusu. Atengenezewe choo cha kukalia. Aswali kwenye kiti, sijda kwa kuashiria, kwani dini imempa mgonjwa wepesi. Ndama ikivimba, kifua kikibana au kidonda kikitoa usaha, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali.