Udaktari Nairobi au Eldoret? Hatua sita kabla ya kuchagua

Kijana wa Laini Saba kule Kibera au Gatina kule Kawangware akipata alama za udaktari, nyumba nzima hushangilia. Siku chache baadaye swali huingia: aende wapi? Vyuo viwili vya umma hutajwa sana, Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho shule yake ya tiba ilianza mwaka 1967, na Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret, ambacho kilipokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990. Familia nyingi hulinganisha karo tu, kumbe mara nyingi kinachomkwamisha mwanafunzi katikati ya miaka sita ni chumba, chakula, nauli na mahali pa kusomea.

1. Hakikisha kozi imeidhinishwa

Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari. Vyuo hivi viwili vimo. Ukiitwa na chuo kingine, cha binafsi au cha ng'ambo, tazama orodha hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja.

2. Jua nyumbani mtadaiwa kiasi gani

Tangu mwaka 2023, msaada wa serikali hutegemea uwezo wa familia. Ukishapangiwa nafasi, omba ufadhili na mkopo kwa pamoja, na ujaze hali ilivyo: mama anauza mboga, mnalipa kodi ya chumba, wadogo zako wawili wako shuleni. Ukiona umewekwa kwenye kundi la uwezo lisilolingana na hali yenu, kata rufaa. Fomu ya bursari ya mfuko wa maeneobunge, NG-CDF, ichukue katika ofisi ya eneobunge lako: Kibra kwa watu wa Kibera, Dagoretti Kaskazini kwa watu wa Kawangware.

Mkopo wa bodi ya mikopo, HELB, huja kwa mikupuo na huweza kuchelewa, basi pangeni mtakavyoishi muhula wa kwanza bila kuutegemea. Na ni deni: utalilipa ukianza kazi.

3. Piga hesabu ya miaka sita

Keti na mzazi, daftari mkononi. Tuseme unalala nyumbani na nauli ni shilingi 100 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 36. Hizo ni 18,000 kwa mwaka na 108,000 kwa miaka sita. Tuseme Eldoret umepanga chumba cha 4,000 kwa miezi 9: 36,000 kwa mwaka. Ongeza safari tatu za kwenda na kurudi, kila upande 1,500, yaani 9,000. Kwa miaka sita umefika 270,000, na bado hujala. Nyumbani sufuria ni moja. Ugenini unanunua unga wako mwenyewe. Weka bei halisi mlizoulizia, na ukipata bweni la chuo, rudieni hesabu.

4. Pima nyumba yenu

Hapa msionee haya ukweli. Kama mnalala watu watano katika chumba cha futi 10 kwa 10, utasomea wapi usiku? Stima ikipotea? Ukitoka wodini saa tatu usiku, njia ya kwenda nyumbani ni salama? Kuchota maji, kulinda kibanda, kumpeleka mdogo wako zahanati: haya yote yatakusubiri mlangoni. Mwambie mzazi mapema, "Mama, wiki ya mtihani nitalala kwa shangazi." Asipokuwepo shangazi wala maktaba ya kukaa hadi usiku, kodi ya Eldoret yaweza kuwa ndiyo gharama ya kufaulu.

5. Linganisha namna ya kufundishwa

Nairobi, masomo ya mwanzo hufanyika Chiromo, karibu na Westlands, kisha wodi za Hospitali ya Kenyatta, ambayo ni jirani ya Kibera. Ni hospitali kuu ya rufaa yenye vitanda takriban 1,800, na magonjwa mazito ya nchi nzima huletwa hapo.

Moi, wanafunzi hujadili visa vya wagonjwa katika vikundi vidogo, na hupelekwa kwenye vituo vya afya vya mashinani wajifunze tiba ya jamii. Hospitali yake ya rufaa imeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, hasa katika matibabu ya Ukimwi. Ukielewa zaidi kwa kuuliza na kubishana, pima hilo kwa uzito.

6. Uliza, kisha amua

Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne katika kila chuo. Muulize: "Dada, mwezi pesa ilipokwisha, ulifanyaje?" Muulize pia migomo ya wahadhiri ilimrudisha nyuma miezi mingapi. Kisha jaza chaguo lako kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kabla dirisha halijafungwa. Ukikosea, uhamisho upo, ila nao una tarehe zake.

Wahitimu wa vyuo vyote viwili hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini na kusajiliwa na baraza lile lile. Kwa hiyo jina la chuo lisiwatie hofu. Hesabu zikikaribiana, chagua mahali utakapoweza kulala, kula na kusoma kwa miaka sita.