Presha mbili kwa siku moja

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa jumuiya yetu. Mama huyu hutumia vidonge vya presha. Asubuhi moja alipimwa kwenye zahanati, ameketi, mkono juu ya meza, akaambiwa ana 138 kwa 86. Mchana alipita sokoni, akakuta wapimaji wenye kimashine kidogo cha kufunga kwenye kifundo cha mkono. Akapimwa amesimama, mkono ukining'inia. Majibu: 162 kwa 110. Alikasirika sana. Akasema mashine zote ni waongo, na vidonge akaviacha.

Mashine hazikudanganya. Ili kulielewa jambo hili inatubidi turudi darasani, kwenye somo ambalo wengi wetu tulilisahau siku ileile ya mtihani, yaani kanieneo.

Chukueni kopo refu, mlitoboe matundu matatu ubavuni: moja juu, moja katikati, moja karibu na kitako. Lijazeni maji. Tundu la chini litarusha maji kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu limebeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Tena angalieni: maji yanatoka kwa ubavuni, wala si kwa kitako tu. Kimiminika husukuma pande zote. Tena kinachohesabika ni kina, si upana. Mpira mwembamba uliosimama wima na kujaa maji hadi mita moja una kanieneo ileile chini yake kama pipa lenye maji ya mita moja. Watu wengi hubisha hapo, lakini ndivyo ilivyo.

Wale waliowahi kuuguza wameliona hilo wodini. Nesi huitundika dripu juu ya mgonjwa ili maji yashuke mshipani. Mkiishusha chini ya mkono wake, damu huanza kurudi kwenye mpira.

Hewa nayo husukuma pande zote, lakini yenyewe hukubali kubanwa. Zibeni mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, msukume: mpini utaingia kiasi, kisha utarudi. Ingekuwa imejaa maji, usingeingia. Mkanda wa kupimia presha hufanya kazi kwa njia hiyo. Hewa iliyobanwa ndani yake huukaza mkono hadi mshipa wa ateri unazibwa na damu inasimama. Kisha hewa hufunguliwa polepole. Damu inapoanza kupenya, mpimaji husikia mgongo mdogo masikioni. Hiyo ndiyo namba ya juu, nguvu ya moyo unaposukuma. Mgongo unapopotea, ndiyo namba ya chini, moyo unapopumzika. Mkanda huo ulibuniwa na daktari Mwitalia, Riva-Rocci, mwaka 1896, na sauti hizo zilielezwa na Mrusi Korotkov mwaka 1905. Kabla yao, Mwingereza Stephen Hales alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1733 jinsi alivyotia bomba la kioo kwenye mshipa wa farasi, damu ikapanda zaidi ya mita 2. Tunashukuru kwamba sisi hatupimwi hivyo.

Namba tunazoambiwa ni milimita za zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo presha ya 120 ingeweza kuinua maji hadi mita 1.6 hivi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Damu ni kimiminika, na mishipa ni kama ule mpira uliosimama. Kila sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza takribani milimita 8. Kifundo cha mkono unaoning'inia huwa chini ya moyo kwa sentimita 30 au zaidi. Zidisheni wenyewe: ni 24, ndiyo tofauti ya vipimo vyake, juu na chini. Kipimo cha sokoni kilisoma kina cha mkono pamoja na presha ya moyo. Hata mkanda wa juu ya kiwiko hudanganyika kidogo mkono usipoegemezwa.

Kwa hiyo mnapopimwa, ketini kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani, mkanda usawa wa moyo. Msiongee. Kojoeni kabla. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, ombeni mkubwa, si kiburi. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha hata kama hamsikii lolote, na aliyeacha dawa kwa kuwa hasikii lolote ndiye kiharusi humkuta ghafla.

Mama alirudi zahanati baada ya wiki tatu bila vidonge. Ameketi, mkono mezani: 158 kwa 98. Alipimwa mara ya pili: 156 kwa 98. Vidonge alianza tena jioni ileile.