Pakiti ya chumvi nyumbani kwako hudumu siku ngapi?

Watu wengi wanaokuja kuniona huuliza kuhusu vitamini, dawa za kuongeza nguvu, au chakula gani "husafisha damu". Ni wachache mno wanaouliza kuhusu chumvi. Ilhali miongoni mwa mambo madogo ya kila siku ambayo mtu anaweza kubadilisha bila kutumia hata senti moja, sidhani kuna lingine litakalowafaa wakazi wa miji yetu kama hili.

Sababu yangu ni ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi huuita presha. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 2015 na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Kitaifa la Takwimu ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha iliyopanda. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao.

Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa presha haiumi. Si lazima uumwe na kichwa wala kisogo, na si kweli kwamba ni ugonjwa wa wazee, matajiri na wanene pekee. Unaweza kumpata makanga mwembamba wa miaka 35 ambaye hushinda akikimbia nyuma ya matatu, na presha yake ni 170 juu ya 110. Yeye anajiona mzima kabisa. Siku atakapohisi jambo, huenda mkono na mguu wa upande mmoja vimekwisha nguvu, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Hicho ni kiharusi. Mwingine huletwa akiwa amevimba uso na miguu, na vipimo vikionyesha kwamba figo zimeharibika. Kuanzia hapo ni kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu mara mbili kwa juma, na jamaa yake yote inaanza kuishi kwa ratiba ya hospitali.

Je, chumvi inaingiaje hapa? Ndani yake mna madini ya sodiamu, ambayo huvuta maji. Ukila chumvi nyingi kiu hukushika, unakunywa, na sehemu ya maji hayo hubaki mwilini mpaka figo zipate nafasi ya kutoa sodiamu iliyozidi. Wakati huo damu imeongezeka lakini mishipa ni ileile. Ni kama kufungulia mfereji kwa nguvu huku mpira wa kunyunyizia bustani ni mwembamba. Mambo yakiwa hivyo kila siku kwa miaka mingi, kuta za mishipa hukakamaa na moyo huchoka kwa kusukuma.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa bila kilima juu, na watoto wanahitaji chini ya hapo. Sasa, msomaji, hebu tufanye hesabu. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Katika nyumba ya watu watano, hata kila mmoja akila gramu 5 kamili, pakiti hiyo itadumu siku 20. Na kwa kuwa kuna chumvi nyingine katika mkate, soseji, krispi na vikolezo vya mchuzi vya pakiti, yafaa idumu mwezi mzima au zaidi. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiwa kwenu inakwisha kwa siku 10, basi mnakula maradufu ya kiwango hicho, hata kabla ya kuhesabu mliyokula nje.

Na huko nje ndiko kwenye mambo. Chipsi za kibandani hunyunyiziwa chumvi mara ya kwanza na muuzaji, na mara ya pili na mteja ambaye hata hajazionja. Nyama choma huletwa ubaoni ikiwa na kichungu cha chumvi pembeni, na kila pande huchovywa humo. Watoto wetu nao hununua maembe mabichi yaliyopakwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule. Sisemi watu waache nyama choma. Mimi mwenyewe naipenda. Lakini kile kichungu mwambie mhudumu akirudishe, akuletee ndimu na kachumbari isiyotiwa chumvi.

Magadi pia yana sodiamu. Wapishi wengi huyatia katika githeri au mboga za kienyeji ili ziive upesi, kisha wanaongeza chumvi juu yake. Ukiloweka mahindi na maharagwe usiku kucha na kuyamwaga yale maji, yataiva bila magadi. Ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa ghali madukani ina sodiamu vilevile, na mara nyingi haina madini ya joto, yaani ayodini, ambayo hutukinga dhidi ya rovu. Endelea na chumvi ya kawaida yenye ayodini, ila uipunguze.

Mpishi asikate chumvi yote kwa siku moja, maana nyumba nzima itaasi. Apunguze kidogo kila juma, aongeze dhania, tangawizi, kitunguu saumu au ndimu. Kibweta cha chumvi kiondoke mezani. Baada ya majuma machache ulimi huzoea, na chakula cha zamani ndicho utakachoona kina chumvi kupita kiasi.

Kutembea kwa miguu, kupunguza pombe na kuacha sigara husaidia pia. Lakini anayetoka Kibera hadi Industrial Area kwa miguu kila asubuhi hahitaji mahubiri yangu kuhusu mazoezi. Ni sisi wenye magari tunaoyahitaji.

Kupimwa hakuna mbadala. Maduka mengi ya dawa mitaani yana mashine, na wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka wa 2023 nao wanazo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kaa kitako dakika tano, uegemeze mgongo, mkono uwe juu ya meza, na usizungumze. Presha ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, rudia siku nyingine, kisha umwone daktari. Ikifika 180 juu ya 120, na una maumivu ya kifua, unahema, macho yana kiwi au upande mmoja umelegea, nenda hospitali papo hapo.

Waliokwisha kuandikiwa vidonge wasiviache kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa nguvu ya vidonge hivyo. Ukipunguza chumvi na presha ikaendelea kushuka, ni daktari wako atakayepunguza dozi, kwa hiyo siku ya kliniki beba vidonge pamoja na daftari ya vipimo vyako.