Obijekti Tupu Inakula Kumbukumbu Kiasi Gani?

Ukichoka kuandika `if (punguzo != null)` kila kona, utashauriwa utumie obijekti tupu: klasi PunguzoTupu yenye methodi zilezile za punguzo halisi, ila ikiulizwa kiasi hujibu sifuri. Wapo wanaoguna hapo. Kumbukumbu je?

Tupige hesabu kwa Java ya HotSpot ya biti 64, mipangilio ya kawaida, hipu isiyofika GB 32. Ndani ya kila obijekti ya Mteja, klasi inayobeba punguzo, uga wa punguzo huchukua baiti 4, uwe na null au uelekeze kwenye obijekti. Kwa hiyo null haikuokolei chochote hapo. Obijekti yenyewe, hata isipokuwa na uga wowote, hubeba kichwa cha baiti 12, na kwa kuwa ukubwa lazima ufike kigawe cha 8, jumla ni 16.

Baiti 16 hazimtishi mtu. Balaa huanza mtu anapoandika ndani ya konstrakta ya Mteja:

`this.punguzo = new PunguzoTupu();`

Wateja milioni moja, MB 16 za hewa, na mzoa taka ana kazi ya kuzipitia. Iunde mara moja tu:

`static final PunguzoTupu HAKUNA = new PunguzoTupu();`

Ifunge konstrakta kwa `private`, wateja wote waelekezwe kwa HAKUNA, na umerudi kwenye baiti 16. Ila isiwe na hali inayobadilika. Siku mtu akiitia kaunta ndani, atakachoandika mteja mmoja watakisoma wote, na hitilafu hiyo utaitafuta mpaka usiku.

Nikitafuta obijekti tupu zinazojirudia hivi, mimi huwa naanza upekuzi kwenye mikusanyo, maana huko ndiko wengi hupoteza kumbukumbu bila kujua. `new ArrayList<>()` ambayo haijatiwa kitu ni baiti 24. `new HashMap<>()` ni 48. `Collections.emptyList()` na `Collections.emptyMap()` hurudisha zilezile kila unapoziita, lakini ukijaribu kuziongezea kitu zinarusha kosa. (Afadhali, kwa maoni yangu.)

Kama data inapitia Serializable, fanya HAKUNA iwe enumi. La sivyo kila usomaji mpya unaweza kukuzalia nakala nyingine.

Mkibishana kazini, pimeni kwa JOL, zana ya OpenJDK. Na kama mko JDK 25, jaribuni pia `-XX:+UseCompactObjectHeaders`: kichwa hushuka hadi baiti 8, na PunguzoTupu nzima inabaki 8.