Safu ya Ushauri: Ametunga Kanuni za Mchezo, Rafiki Ameacha Kuja

Mchezo wa mezani una vifaa na una kanuni. Vifaa hununuliwa au huchongwa, kanuni hukubaliwa. Askari wa plastiki, dadu, kadi na ubao ni vitu vya kuchezea tu mpaka walioketi kuvizunguka wakubaliane nani anaanza, nani anasogea hadi wapi na nani amekufa. Kwa hiyo mtu yeyote anayecheza anaweza kuzitunga kanuni, na wengi hutunga bila kujua, pale wanaposema “sisi huku tunacheza hivi.”

Msomaji mmoja wa Morogoro ametunga kwa kujua. Yeye na rafiki zake watatu hukutana Jumamosi jioni kucheza vita vya mezani kwa askari wa plastiki, dadu na futikamba. Kanuni walizoanza nazo zilikuwa katika kitabu cha Kiingereza kilichokuja na askari hao, kirefu, chenye vipengele ambavyo wawili kati yao hawakuvielewa vizuri. Msomaji akaanza kuandika za kwake kwenye kauntabuku. Sasa kauntabuku imejaa, kila wiki ina marekebisho, na rafiki mmoja ameacha kuja. Anasema hajui tena anacheza nini. Barua inauliza kama mwandishi wake aendelee kutunga au arudi kwenye kitabu, na mwishoni inauliza kama kanuni zake anaweza kuziuza. Jibu ni kwamba aendelee, ila abadili namna anavyotunga, na kabla ya yote amrudishe rafiki yake.

Sababu ya kuendelea iko katika historia ya michezo hii yenyewe. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells, anayejulikana zaidi kwa riwaya, alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za vita vya askari wa sanamu pamoja na maelezo ya jinsi zilivyopatikana. Chanzo kilikuwa mzinga mdogo wa kuchezea uliorusha kipande cha mti. Mgeni mmoja, baada ya chakula cha mchana, alianza kuwalenga nao askari waliosimamishwa juu ya meza, na wenzake wakavutiwa. Vikwazo vya uwanja vilikuwa vitabu vizito vya ensaiklopidia. Kulenga peke yake hakukutosha, basi askari wakaruhusiwa kusogea. Mchezaji akawa anatumia muda mrefu mno kuwasogeza, basi ikawekwa saa: dakika 1 kwa kila askari 30 na dakika 1 kwa kila mzinga. Askari wa miguu akapewa futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2. Mzinga ukakatazwa kufyatua kama hauna angalau askari 4 karibu nao, hivyo mtu hakuweza kushinda mchezo kwa mizinga iliyoachwa peke yake. Kinachovutia katika masimulizi ya Wells ni kwamba kila kanuni inaonyesha kero iliyoizaa. Watu walicheza, kitu kikawakwaza, wakakiondoa, wakacheza tena.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dave Arneson wa Minnesota alikuwa akiwaendeshea wenzake mchezo wa mashujaa na mazimwi, akiazima kanuni kutoka Chainmail, mchezo wa vita vya zama za kati uliotungwa na Gary Gygax na Jeff Perren na kuchapishwa mwaka 1971. Huko pigo moja lililofanikiwa humwua askari wa kawaida. Mtu mwenye kikosi kizima haumii sana akipoteza mmoja, lakini mtu mwenye shujaa mmoja tu, aliyempa jina na kumzoea, hakubali afe kwa dadu moja. Arneson alikuwa pia na kanuni zake za vita vya meli za chuma, ambamo meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Akachukua wazo hilo akampa kila shujaa hesabu ya mapigo anayoweza kuyastahimili. Yeye na Gygax wakaendelea pamoja hadi Dungeons & Dragons ikatoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000 za kwanza. Kijana wa leo anayecheza mchezo wa simu na kuona mstari wa uhai ukipungua juu ya kichwa cha mpiganaji wake anatumia suluhisho lililopatikana mezani, kwa watu waliokuwa wakijifurahisha.

Wala jambo hili si geni kwa Waswahili. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 linachezwa kwa namna zaidi ya moja. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu zilizopangwa ubaoni, 6 zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Anayejifunza hupangiwa bao jepesi zaidi, kete mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, bila ya akiba mkononi. Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Kuna watu waliotazama ugumu wa mchezo wakafungua mlango wa chini kwa wanaoanza, na bao halikuharibika kwa hilo.

Hata hivyo kanuni za kitabu nazo zina heshima yake, kwa sababu aliyezichapisha kwa kawaida amekwisha kuzijaribu mara nyingi na kufuta mengi ambayo msomaji hayaoni. Monopoly ni ushahidi mzuri. Nyumba nyingi zinazoucheza mchezo huo huweka faini na kodi katikati ya ubao, na anayefika kwenye kona ya maegesho ya bure huzizoa zote. Kanuni zilizochapishwa hazisemi hivyo. Kwa mujibu wake kona hiyo ni ya kupumzika tu. Wengi pia huacha kanuni inayotaka kiwanja kilichokataliwa na mchezaji aliyekifikia kipigwe mnada palepale. Mchezo huo huisha watu wanapofilisika. Fedha za maegesho humfufua aliyekuwa anakaribia kufilisika, na kuacha mnada huchelewesha viwanja kupata wenyewe. Wanaolalamika kwamba Monopoly haiishi mara nyingi wanalalamikia nyongeza zao wenyewe. Kabla ya kuifuta kanuni, inafaa mtunzi ajiulize ilikuwa inazuia nini.

Dadu nayo inataka hesabu. Chukua askari anayepiga kwa kupata 5 au 6. Nafasi yake ni 2 kati ya 6, yaani theluthi moja. Mtunzi anataka kikosi fulani kiwe hodari kidogo, basi anakiongezea 1 kwenye kila dadu: sasa hata 4 inapiga, na nafasi imekuwa nusu. Jumamosi nyingine anaona kikosi hicho bado kinyonge, anakiruhusu kurusha tena kila kinapokosa. Nusu ile imepanda ikawa robo tatu. Kwa nyongeza mbili zilizoonekana ndogo, kikosi kinapiga zaidi ya mara mbili ya kilivyokuwa kikipiga mwanzo, na anayekabiliana nacho anajiona anaonewa bila kuweza kueleza kwa nini. Huenda kauntabuku ya Morogoro ina nyongeza za namna hii ambazo hakuna aliyezijumlisha. Kuzijumlisha ni kazi ya jioni moja yenye kalamu na karatasi, na haina budi kufanywa.

Lakini kiini cha barua hii ni yule rafiki. Kulalamika kwake si uvivu wala kuudharau mchezo. Kanuni ndizo zinazomwezesha mtu kupanga: anatoa kikosi mbele leo kwa sababu anajua kesho yake kitapata kinga msituni. Zikibadilika kila wiki, mipango yake inakufa na yule aliyeziandika ndiye pekee anayejua uwanja umekaaje. Hata mtunzi akiwa mwaminifu kabisa, ushindi wake utatiliwa shaka. Vijiweni jambo hili linajulikana vizuri. Wacheza karata wasiozoeana huulizana kabla ya kugawa: karata ipi inamwokotesha mwenzako, ipi inamruka, mtu atangaze lini kwamba amebakiwa na moja. Kwenye drafti huulizana kama kula ni lazima. Wakishakubaliana, mchezo unaanza, na anayeleta neno jipya katikati hakubaliwi hata kama neno lenyewe ni zuri.

Meza ya Morogoro ifuate desturi hiyo. Kanuni isibadilishwe mchezo ukiendelea. Likitokea jambo ambalo kanuni hazikulitaja, wahusika wawili waseme kila mmoja anavyoona, wakishindwa kukubaliana dadu iamue, mchezo uendelee, na jambo liandikwe pembeni lijadiliwe baada ya askari kurudishwa kwenye boksi. Jioni ikiisha libadilishwe jambo moja tu, lichezwe Jumamosi kadhaa kabla ya kuguswa jingine. Yakibadilishwa matano kwa pamoja hakuna atakayejua lipi limetengeneza na lipi limeharibu. Na wote wanne wawe na sauti. Aliyeacha kuja aombwe kwa heshima arudi na aulizwe kanuni zipi zilimchosha, kisha zile alizozitaja ziondolewe kwanza, hata kama mtunzi anazipenda. Mchezo wa watu wanne unaweza kuishi bila kanuni fulani, tuseme ya askari kukwama matopeni. Bila mtu wa nne unakuwa mchezo mwingine.

Kuna swali ambalo barua haikuliuliza, nalo lingefaa kutangulia: je, tatizo lilikuwa kanuni za kitabu au lugha yake? Wawili hawakukielewa vizuri, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Huenda kilichohitajika tangu mwanzo ni muhtasari wa Kiswahili wa kanuni zilezile, karatasi moja ya kuwekwa katikati ya meza. Msomaji aandike muhtasari huo kwanza na wacheze nao. Yale yatakayoendelea kuwakwaza hata baada ya kueleweka ndiyo yenye kustahili kutungiwa upya.

Uandishi wenyewe una ufundi wake. Kanuni ziandikwe kwa kufuata zamu inavyokwenda, kinachotangulia kitangulie, ili mchezaji asome huku akifanya. Kitu kimoja kiwe na jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kikosi kikiitwa “kundi” mahali pengine, mtu atadhani ni vitu viwili. “Lazima” na “anaweza” yatenganishwe kwa uangalifu. Neno kama “karibu” liondolewe, mahali pake kiwekwe kipimo, na kipimo kiseme kinaanzia wapi. Sentimita 15 kutoka ncha ya bunduki ya sanamu si sawa na sentimita 15 kutoka ukingo wa kitako chake, na ugomvi mwingi wa mezani uko katika tofauti hiyo ndogo. Kanuni zikishakamilika wapewe watu ambao hawajawahi kuucheza mchezo huo, nao wacheze huku mtunzi amekaa kimya kabisa. Kila wanapokwama ndipo maandishi yalipopungua. Jaribio hili ni gumu kwa mtunzi, kwa kuwa mdomo unamwasha kueleza, na halina mbadala.

Urefu nao uangaliwe. Georg von Reisswitz, ofisa wa jeshi la Prussia, alichapisha mwaka 1824 kanuni za mchezo wa vita uliochezwa kwa dadu juu ya ramani za kipimo cha 1:8000, ukisimamiwa na mwamuzi. Jeshi liliupenda, ila kanuni na majedwali yalikuwa mzigo. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza mengi yaachwe na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Njia hiyo iko wazi pia kwa watu wanne wanaoaminiana: wawili au watatu wacheze, mmoja awe mwamuzi, kwa zamu. Meza yenye mwamuzi anayeheshimiwa hutosheka na ukurasa mmoja, na kauntabuku nzima inaweza kubaki kuwa kumbukumbu ya yaliyojaribiwa, ambayo mtunzi makini huihitaji.

Kuhusu kuuza, hakimiliki kwa kawaida hulinda maneno, michoro na picha za kitabu cha kanuni. Wazo la jinsi mchezo unavyochezwa halilindwi nayo. Kwa hiyo msomaji anaweza kuandika kwa maneno yake mwenyewe mchezo wa kurusha dadu na kupima kwa futikamba, kama wengi walivyofanya kabla yake. Asichoweza ni kunakili sentensi na michoro ya kitabu alichonunua, kuuza tafsiri yake bila ruhusa, au kutumia jina na nembo ya kampuni iliyokitoa. Muhtasari wa Kiswahili uliotajwa hapo juu ubaki mezani kwao. Kanuni atakazotaka kuzitoa kwa watu ziandikwe upya kabisa, na kama mawazo ya rafiki zake watatu yamo ndani yake, majina yao yawekwe pamoja na lake, na mgawanyo wa fedha, kama zitapatikana, ukubaliwe kwa maandishi kabla ya nakala ya kwanza kupelekwa kwa mchapaji.