Askari Mkimbiaji

Katika nchi ya Usukuma, wilaya ya Bariadi, pana mahali paitwapo Sapiwi. Watu wake ni wakulima na wafugaji. Hulima pamba na mahindi, na kuchunga ng'ombe. Watoto wa huko, kama watoto wa kila mahali, hupenda kushindana mbio njiani watokapo shuleni. Pengine aliyeshindwa huona haya, akajitenga na wenzake, asitake kushindana tena. Mtoto wa namna hiyo na asome habari za Alphonce Simbu.

Simbu alizaliwa mwaka 1992 katika mkoa wa Singida, kusini mwa Simiyu. Aliingia katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, naye akawa mkimbiaji wa mbio ndefu ziitwazo marathoni. Urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Mtu aendaye kwa miguu angetumia karibu kutwa nzima.

Askari aingiapo katika timu ya michezo haachi uaskari wake. Huamka alfajiri, hutii amri, na kufanya mazoezi hata siku asiyopenda. Tena asafiripo ugenini hubeba jina la nchi yake kifuani, na wageni huipima nchi hiyo kwa mwenendo wake. Askari wengine walikuwa wamekwisha kuipita njia hiyo kabla ya Simbu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Na Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989.

Lakini Simbu hakushinda upesi. Mwaka 2016 alisafiri mpaka Rio de Janeiro, nchi ya Brazili, katika michezo ya Olimpiki, akawa wa tano. Mwaka 2017 alikwenda London katika mashindano ya dunia, akawa wa tatu. Aliyekuwa wa pili alimtangulia kwa sekunde 2 tu. Mwaka 2021 alikimbia katika Olimpiki za Japani, akawa wa saba. Mwaka 2024, huko Paris, akawa wa 17. Mwingine angalisema, "Nguvu zangu zimekwisha," akaacha. Yeye alirudi katika mazoezi yake, na mwezi wa Aprili 2025 akawa wa pili katika marathoni ya Boston, Marekani.

Tarehe 15 Septemba 2025 alikuwa Tokyo, katika mashindano ya dunia. Hatua chache kabla ya mwisho, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele. Simbu akajikaza, wakafika pamoja, hata macho ya watu hayakuweza kuwapambanua. Ilibidi picha itazamwe. Ndipo ilipoonekana kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu 3 tu katika sehemu 100 za sekunde moja! Hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Basi, ushindi huo mdogo kuliko kufumba na kufumbua ulitengenezwa kwa miaka mingi. Safari zile alizoshindwa hazikupotea bure. Zilimzoeza kuvumilia, kustahi washindani wake, na kuanza upya. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Mtoto wa Sapiwi aliyeshindwa leo na ampe mkono mwenzake aliyemshinda, na kesho aje tena njiani.

Maswali

1. Marathoni ni mbio za urefu gani?
2. Askari asafiriye na timu hubeba nini, na kwa nini ajitunze?
3. Simbu alikuwa wa ngapi huko London? Na huko Paris?
4. Kwa nini picha ilitazamwa huko Tokyo?
5. Eleza maana ya methali iliyo mwishoni mwa somo hili.