Karatasi kwanza, tribinali kisha

Somo la kusoma pamoja katika mkutano wa kooperativi



Katika vijiji vya Mutshatsha swali ni lile lile: kampuni ya madini imechukua shamba, ao maji machafu yameharibu mihogo, tufanye nini? Wengi wanajibu: twende tribinali. Sawa. Lakini mbele ya jaji, anayedai ndiye anaombwa ushahidi, na ushahidi mwingi hauko kwetu. Uko katika makabati ya kampuni na ya serikali: liste ya mimea iliyohesabiwa, vipimo vya maji, makubaliano. Ukienda mikono mitupu unaweza kushindwa hata kama haki ni yako.

Mfano wa Muanda

Mashirika mawili ya Ufaransa, Sherpa na Les Amis de la Terre, yalisema kazi za petroli za kampuni Perenco zinachafua udongo na maji huko Muanda, Kongo-Central. Hayakuanza kwa kushtaki. Mwaka 2019 yaliomba kwanza jaji wa Paris, penye ofisi ya kampuni, aamuru karatasi zitolewe, ili kujua nani kweli anaongoza kazi za Muanda. Sheria ya Ufaransa inakubali kuomba ushahidi mbele kesi haijaanza. Korti ya rufaa iliyakatalia mwaka 2020. Tarehe 9 Machi 2022, Cour de cassation, korti ya juu kabisa, ikavunja ile hukumu. Novemba 2022 yakafungua kesi yenyewe. Kufungua si kushinda, lakini hayakuingia yakiwa kipofu.

Sheria yetu inasema nini?

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira, artikle ya 8, inampa kila mtu haki ya kupata habari za mazingira, zilizo kamili na za kueleweka, katika mipaka ya sheria. Kode ya madini, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inadai kampuni ikubaliane na vijiji juu ya cahier des charges, ni kusema karatasi ya ahadi zake: barabara, shule, maji. Tena inatoa asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, hata zaidi, kwa maendeleo ya vijiji. Basi kuomba hizi karatasi si ugomvi.

Hatua tano

1. Hesabuni vyenu. Andikeni jina la kila mwenye shamba, ukubwa, mimea, tarehe ya hasara. Pigeni picha kwa telefone. Shefu wa kijiji atie sahihi.

2. Andikeni barua kwa kampuni, na ingine kwa Division des Mines. Tajeni karatasi moja moja. Ukiomba "karatasi zote", ni rahisi kukukatalia.

3. Pelekeni kopi mbili. Moja inabaki kwao, ya pili inarudi na muhuri na tarehe. Hata wakinyamaza, hiyo kopi itaonyesha jaji kwamba mliomba.

4. Wakikataa, muoneni avoka. Asiye na franka aulize bureau de consultations gratuites ya barreau. Avoka ndiye atasema ni ombi gani linafaa kwa jaji wa kwetu.

5. Msitie sahihi wala kidole kwenye karatasi ya malipo ambayo hamjasomewa yote. Inaweza kusema kwamba hamtadai tena.

Maswali ya kikundi

Ni karatasi gani tuko nazo leo? Zinawekwa wapi, na nani mwingine ana kopi? Tukienda kwa jaji kesho, ni karatasi gani moja tutakosa? Barua yenu ya kwanza iombe hiyo.